Rumanyika, Omukama aliyeshuhudia 'dabi' ya mashua Karagwe

UKITAJA michezo mkoani Kagera, shabiki atakujibu Kaitaba na Kagera Sugar, basi. Lakini mwaka 1876, kabla Bukoba haijajua mpira ni nini, Karagwe ilipata mtanange wake wa kimataifa. Wenyeji walikuwa na mitumbwi yao, wageni wana mashua iliyoundwa Uingereza, na mashabiki zaidi ya elfu moja walikuwa wamejaa mlimani. Jukwaa kuu alikuwepo Omukama Rumanyika Orugundu.

Karagwe ya wakati huo ilikuwa kubwa kuliko wilaya ya leo, maana hata Kyerwa ilimegwa kutoka humo juzi tu, mwaka 2012. Makao makuu yalikuwa Bweranyange. Baba yake Rumanyika, Ndagara, anakumbukwa kama mfalme aliyependa kazi ya uhunzi, na nyumba ya hazina aliyorithi mwanaye ilijaa mikuki, sanamu za ng'ombe na bata wa shaba, vitu ambavyo wageni walivikodolea macho.

Ndagara alipofariki, wana watatu waligombea kiti. Rumanyika mwenyewe alimsimulia mgeni wake Mwingereza, John Speke, jinsi mshindi alivyopatikana. Ililetwa ngoma ndogo ya kifalme, nyepesi kama unyoya, ila imesheheni dawa. Ndugu zake wakahangaika nayo wee, haikunyanyuka. Yeye akaiinua kwa kidole kidogo. Ndivyo alivyosimulia, na tukumbuke kwamba msimuliaji ndiye aliyeshinda.

Ngoma haikumaliza ugomvi. Ndugu yake Rogero aliingia vitani, na Rumanyika akapona kwa msaada wa wafanyabiashara kutoka pwani na Kazeh, Tabora ya sasa, waliokuwa na bunduki. Hapo ndipo ukarimu wake unapoeleweka. Kaskazini alikuwa na Buganda yenye nguvu, magharibi Rwanda, nyumbani ndugu anayemtaka kichwa. Mgeni mwenye silaha kwake alikuwa kama mchezaji wa dirisha dogo: anahitajika, tena haraka. Speke na mwenzake James Grant walipofika Novemba 1861, walipokelewa vizuri, lakini mfalme hakusita kuomba dawa ya kummaliza Rogero. Speke alipoondoka Januari 1862 kwenda Buganda, Grant alibaki miezi kadhaa akiuguza mguu chini ya ulinzi wa mfalme.

Miaka 14 baadaye akaingia Henry Stanley. Alimkuta mzee mpole, mrefu ajabu, ambaye alimkadiria futi 6 na inchi 6. Kwa kimo hicho leo angepelekwa golini moja kwa moja.

Stanley alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyoundwa na fundi James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames. Ilikuwa na urefu wa futi 40 na upana wa futi 6, mbao nyembamba za mseda, ikigawanyika vipande vitano vya futi 8 kila kimoja ili ibebwe mabegani. Hesabu ya fundi ilikuwa nzuri kwenye maji ila ikagoma mabegani. Ilipofika Zanzibar, vipande vilionekana vizito mno kwa wapagazi, ikabidi fundi mwingine avigawanye upya. Ndivyo ilivyofika hadi Karagwe, ikafungwa pamoja na kushushwa kwenye ziwa chini ya Bweranyange, ambalo Waingereza walilibandika jina la Windermere.

Siku ya mbio Rumanyika alishuka ziwani na vazi jekundu, bangili zinang'aa, walinzi wenye mikuki na wapiga ngoma wakimsindikiza. Mitumbwi ya wenyeji ikajipanga na Lady Alice.

Hapa palikuwa na mifumo miwili ya uchezaji. Kwenye mashua ya makasia, mtu anakaa akitazama nyuma, kasia limeegemea ubavu wa chombo, naye anajikunja mbele na kurudi nyuma kwa mwili mzima. Kwa hiyo nafasi kati ya ubao mmoja wa kukalia na mwingine lazima ipimwe. Ukiwabana, mikono ya huyu inampiga mgongoni mwenzake na makasia yanagongana. Ukiwaachanisha mno, unapoteza watu, yaani unacheza pungufu kwenye chombo kirefu. Wanyambo walisimama, makasia yao marefu mikononi bila kuegemezwa popote, wanatazama wanakokwenda. Aliyesimama anahitaji nafasi ndogo, hivyo mtumbwi mwembamba unaweza kubeba wapigaji wengi. Shida yake ni mizani, maana mmoja akiyumba, wote wanayumba.

Filimbi ikalia, kama tungesema leo. Mlimani wenyeji wanapiga kelele, ufukweni Waungwana wa msafara, vijana wa Zanzibar na Mrima, wanawashangilia wenzao walioko kwenye Lady Alice. Mashabiki wa ugenini kabisa hao. Kwa maelezo ya Stanley, kasi haikupishana sana. Timu zilitoshana nguvu, na mfalme alifurahi mno. Matokeo hayo, ukiangalia, yanaupa sifa zaidi mtumbwi wa kuchonga kuliko chombo kilichopimwa Teddington.

Baada ya hapo Rumanyika alitoa watu wa kumwongoza Stanley kwenye mto Kagera na kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata. Mwezi Machi msafara ukaondoka. Lady Alice ilitelekezwa mwaka 1877 karibu na maporomoko ya mto Kongo.

Rumanyika alifariki miaka michache baada ya mbio hizo. Aliowaacha hawakuelewana. Warithi wakamalizana wao kwa wao, kisha miaka ya 1890 sotoka ikafyeka ng'ombe, na Wajerumani waliikuta Karagwe imeshachoka. Mwaka 2019 pori la akiba lenye jina lake lilipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, sambamba na jirani yake, Ibanda-Kyerwa.