Édouard Lucas, mwalimu aliyepima namba ya tarakimu 39 bila mashine

Kwa miaka 75, namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana ilikuwa kazi ya mwalimu Mfaransa, Édouard Lucas, aliyeipima kwa mkono mwaka wa 1876. Ni hii: 170 141 183 460 469 231 731 687 303 715 884 105 727. Ili kuipata, andika 2 mara 127, uzizidishe zote, kisha utoe 1.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama vile 7 ao 13. Kwa namba ya tarakimu 39, kujaribu vigawanyo kimoja kimoja kungemaliza maisha ya mtu bila kufika popote.

Lucas alizaliwa Amiens mwaka wa 1842, akasoma Paris na kufanya kazi kwenye kituo cha kuchunguza nyota. Vita kati ya Ufaransa na Prusia ilipozuka mwaka wa 1870, alitumika kama ofisa wa mizinga. Baadaye alifundisha hesabu katika shule za sekondari, kwanza Moulins, kisha Paris.

Alichovumbua ni njia ya kupima namba za aina hiyo bila kutafuta vigawanyo. Tuchukue 127, yaani 2 saba zilizozidishwa, ukatoa 1. Anza na 3: izidishe kwa yenyewe, toa 2, unapata 7. Rudia: 47. Rudia tena: 2207, ambayo ukigawanya kwa 127 inabaki 48. Endelea: 16, kisha 0. Sifuri imefika kwa hatua ya tano, basi 127 ni tasa. Kwa ile kubwa, hesabu hiyo inadai hatua 125. Mmarekani Derrick Lehmer aliikamilisha njia hiyo katika miaka ya 1930.

Mtawa Marin Mersenne alikuwa ametaja mwaka wa 1644 kwamba 2 zikizidishwa mara 67, ukatoa 1, unapata namba tasa. Lucas alionyesha kuwa si kweli, ingawa hakujua inagawanyika kwa nini. Jibu lilipatikana mwaka wa 1903, wakati Frank Nelson Cole alipotoa vigawanyo vyake: 193 707 721 na 761 838 257 287.

Lucas hakuwepo tena. Mwaka wa 1891, kwenye karamu ya mkutano wa wanasayansi, sahani ilianguka na kipande chake kikamkata shavuni. Kidonda kikaingia maambukizi, akafa siku chache baadaye, akiwa na miaka 49. Wanafunzi wa informatike wanamfahamu zaidi, pengine bila kujua jina lake, kwa mchezo wa Minara ya Hanoi alioutoa mwaka wa 1883.

Rekodi yake ilivunjwa mwaka wa 1951.