Johann Ludwig Krapf: Kutii Bila Kuona Mavuno

Mafungu ya kusoma: Mwanzo 12:1–4, Mwanzo 22:1–14, Yohana 12:24, 1 Wakorintho 3:6–8, Waebrania 11:8–13.

Wazo kuu: Mungu hutuita tutii katika sehemu yetu ya leo. Matokeo ni yake.

Katika lesoni hii tumejifunza juu ya Ibrahimu, aliyetoka asijue aendako. Leo tunamtazama mtu aliyeipenda habari ya Ibrahimu tangu utoto wake, akaja kuishi na kuteseka katika pwani yetu. Krapf hakuwa Mwadventista, lakini aliitii nuru aliyokuwa nayo, na kila anayesoma Biblia kwa Kiswahili ana deni kwake.

Mwito

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa mvulana wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa miezi 6. Katika ugonjwa huo aliisoma Biblia kwa bidii, na habari za wazee wa imani zikamwingia moyoni. Baadaye alisomea umisionari huko Basel, Uswisi, na mwaka 1837 chama cha umisionari cha Kianglikana, CMS, kikampeleka Ethiopia.

Huko milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Alifukuzwa kaskazini mwa nchi. Akaenda kufanya kazi Shoa, na mwaka 1842 akazuiwa kurudi huko pia. Mwaka huohuo alimwoa Rosine Dietrich. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa njiani, nyikani, akafa muda mfupi baadaye. Walimwita Eneba, jina lenye maana ya chozi.

Wengi wangeona hapo kwamba Mungu amesema hapana, wangefunga mizigo na kurudi kwao. Krapf na mkewe waliona kwamba mlango mmoja umefungwa, lakini mwito haujafutwa. Walisafiri kwa jahazi kuelekea kusini, na Januari 1844 Krapf alifika Zanzibar. Sultani Sayyid Said alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Mwezi Mei yeye na Rosine walikuwa wakikaa Mombasa.

Mombasa, 1844

Mwezi Juni, akiwa bado anajifunza lugha, Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alisaidiwa na Ali bin Modehin, kadhi wa Mombasa, Mwislamu aliyekubali kukaa naye juu ya maneno ya Torati.

Mwezi Julai homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye akafa. Mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili wapitao wakumbuke kwa nini alikuja. Kaburi lake lipo mpaka leo upande wa Nyali, akingoja asubuhi ya ufufuo.

Krapf aliwaandikia wakuu wake wa chama. Hakuomba kurudishwa. Aliwaambia kwamba kaburi hilo ni dalili kuwa kazi ya Afrika Mashariki imeanza, akawahimiza walete watu wengine. Kisha akarudi kwenye meza yake ya tafsiri.

Mwaka huohuo wa 1844, mwezi Oktoba, waumini waliokuwa wakimngojea Yesu huko Marekani walipatwa na uchungu wa kutomwona siku waliyoitarajia. Hawakujua habari za Krapf, wala yeye hakujua habari zao. Lakini wote walikabiliwa na swali moja: je, mtu amwamini Mungu hata pale alipotii na mambo yakaenda kinyume?

Kazi isiyoonekana

Mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann. Agosti wakahamia Rabai, wote wawili wakiwa wagonjwa, wakipokezana punda mmoja njiani. Kutoka Rabai walitembea nchi nyingi. Mwaka 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro, na mwaka 1849 Krapf akauona mlima Kenya. Wataalamu wa Ulaya walikataa kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta.

Mwaka 1848 Krapf alikwenda Usambara, akafika kwa Mfalme Kimweri huko Vuga. Mwaka 1850 alisafiri kwa jahazi kutoka Mombasa mpaka rasi ya Delgado. Alipita pwani hii yetu wakati mji wa Dar es Salaam ulikuwa haujaanzishwa. Mwaka 1851, katika safari ya Ukambani, rafiki yake Kivoi aliuawa na wavamizi karibu na mto Tana. Krapf alibaki peke yake porini, akiwa na njaa, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki yake.

Na matunda? Walioamini walihesabika kwa vidole. Mmoja wa wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu maskini wa Rabai. Mwaka 1853 afya ya Krapf ilimlazimisha kurudi Ulaya. Alifika tena kwa muda mfupi miaka ya 1860 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi, kisha akarudi kwao kuandika. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa kando ya kitanda chake huko Korntal, akiwa amepiga magoti katika maombi. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Hakuishika mkononi.

Wengine walivuna

Sura tatu za kwanza za Mwanzo katika tafsiri ya Krapf zilichapishwa Marekani mwaka 1847, na ndizo zilizokuwa sehemu ya kwanza ya Biblia kuchapishwa kwa Kiswahili. Biblia tunayoisoma leo imetafsiriwa na wengine waliokuja baadaye, lakini yeye aliifungua njia. Na mwaka 1903 Johannes Ehlers na A. C. Enns walipoanza kazi ya Waadventista Upare, walifika katika milima iliyo jirani na Usambara, ambako Krapf alikuwa amepita zaidi ya miaka 50 kabla yao.

Somo kwetu

Kuna mahubiri yanayosema kwamba ukimtii Mungu, biashara itapanda. Mshiriki mwenye fremu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anayefunga Ijumaa kabla jua halijazama, anajua kwamba si hivyo kila wakati. Jumamosi wateja wanafurika kwa jirani. Kodi ya fremu haimsubiri, wala marejesho ya kikoba. Akiambiwa kwamba Jumapili Mungu atamlipa maradufu, na Jumapili ikapita bila mauzo, imani yake itasimama juu ya nini?

Utii si biashara na Mungu. Krapf alitii, akazika mke na watoto wawili. Hakutii ili apate kitu. Alitii kwa sababu alimwamini aliyemwita. Mungu hakumwonyesha mavuno, lakini hakuiacha mbegu yake ipotee. Waebrania 11:13 inawataja watu wa namna hiyo, waliokufa wakiwa bado wanaziona ahadi kwa mbali.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mlango unapofungwa, tutajuaje kama Mungu anatuzuia au anatugeuza njia nyingine? Linganisha na Matendo 16:6–10.

2. Darasa lenu linaweza kumsaidiaje, kwa vitendo, mshiriki anayepata hasara kwa kuitunza Sabato?

3. Ni kazi gani unayoweza kuianza sasa, hata kama matunda yake yataonekana baada yako?