Svante Arrhenius: alipewa alama ya chini chuoni, kisha akapata Tuzo ya Nobel

Kila mwanafunzi wa sekondari anayesoma kemia hukutana na asidi, besi na chumvi. Somo hilo linamdai mengi Svante Arrhenius, raia wa Uswidi ambaye alama za chuo nusura zimfungie njia.

Alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 huko Vik, karibu na mji wa Uppsala. Baba yake alikuwa mpima ardhi.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 25, alitetea tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Alichunguza namna umeme unavyopita ndani ya maji yenye chumvi. Walimu wake hawakuridhika: tasnifu ilipewa daraja la nne, na utetezi wake daraja la tatu. Kwa alama hizo, ilikuwa vigumu kupata nafasi ya kufundisha chuoni.

Arrhenius hakukata tamaa. Alituma nakala kwa wataalamu wa nchi nyingine. Wilhelm Ostwald, aliyefundisha Riga, alielewa uzito wa kazi hiyo, akasafiri hadi Uppsala mwaka huohuo na kumpa kazi. Hapo ndipo chuo chake kilipomfungulia mlango.

Mwaka 1887 alitangaza nadharia yake kamili: chumvi ikiyeyuka majini hugawanyika kuwa ayoni, chembe zenye chaji, hata pasipo kupitishiwa umeme. Asidi hutoa ayoni za hidrojeni, besi hutoa za hidroksidi. Ndiyo maana ukidondosha besi tone kwa tone ndani ya asidi, ayoni hizo mbili huungana kuwa maji, na zikilingana, rangi ya kiashiria hubadilika. Baadaye wanasayansi wengine walitumia ayoni kueleza jinsi damu inavyojilinda ili asidi isizidi ghafla.

Mwaka 1903 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia, Mswidi wa kwanza kupewa Nobel, kwa nadharia iliyochipuka kutoka tasnifu ileile.

Mwaka 1896 alikuwa pia amekadiria jinsi hewa ya kaboni inavyoweza kuongeza joto la dunia. Lakini jina lake lina doa: aliunga mkono chama kilichotetea kile kilichoitwa usafi wa rangi za watu.

Alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927, akiwa na miaka 68.