Pablo Casals: Mse Aliyeanza na Kibuyu Akawa Mfalme wa Chelo

Kama unapiga kibarua Indaa, hii story inakuhusu kuliko unavyodhani. Kila asubuhi wasee wanatoka Mukuru kwa Njenga na kwa Reuben, wanakanyaga Lunga Lunga Road na Enterprise Road kwa mguu hadi kwa geti la kampuni, ndio fare ibaki iwe ya unga. Kuna jamaa alikuwa anafanya hivyo hivyo Paris mwaka wa 1895. Tofauti ni moja: yeye alikuwa amebeba chelo.

Huyo ni Pablo Casals. Waulize wenye wanajua hiyo ala, wengi watakuambia hakuna aliyeipiga kama yeye.

Chelo ni kama violini iliyokula ikashiba. Unaketi, unaiweka kati ya magoti, unaivuta kwa upinde. Wenye mmetoka Nyanza mtakumbuka orutu, na hamjakosea sana. Orutu pia husimama wima na huvutwa kwa upinde, ila ina uzi mmoja na chelo ina nne.

Casals alizaliwa tarehe 29 Desemba 1876 huko El Vendrell, mji mdogo wa Katalonia, Uhispania. Budake, Carles, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, kazi yenye heshima lakini haina doo. Siku moja wanamuziki wa kuzunguka walifika mtaani, na mmoja wao alikuwa anapiga fimbo ya ufagio iliyofungwa uzi. Mtoi akapagawa. Alirudi home akasumbua budake mpaka akatengenezewa yake kwa kibuyu kikavu. Hakukuwa na mwalimu wa kitu kama hicho, so alijifunza mwenyewe kwa kusikiza na kutafuta sauti. Hicho kibuyu kimehifadhiwa hadi leo.

Chelo yenyewe aliisikia mara ya kwanza 1888, akiwa na miaka 11, ikipigwa na mwalimu mmoja wa Barcelona anaitwa Josep García. Hapo ndio ngori ilianza kwa nyumba. Budake alitaka ajifunze useremala, ju alijua muziki haulishi familia. Mathake, Pilar, akakataa katakata. Walivutana, lakini mathe alishinda. Akamshika mtoi mkono hadi Barcelona, akaingizwa shule ya muziki ya manispaa chini ya García mwenyewe.

Kwa anayeanza, hapa ndio pa kusikiza vizuri. Enzi hizo mwanafunzi wa chelo alifundishwa kubana mkono wa kulia karibu na mwili, hadi wengine wanawekewa kitabu kwapani ndio kiwiko kisitoke. Casals alikuwa na mwalimu mkali na alimheshimu, lakini hiyo aliona ni kama kupiga ukiwa umefungwa kamba. Akauachilia mkono. Ule wa kushoto naye, badala ya kuutelezesha mzima kila saa, akaanza kunyoosha vidole kufikia noti. Leo wanafunzi dunia nzima wanafunzwa hivyo, na hawajui kulikuwa na chalii wa Barcelona aliyekataa kitabu kwapani.

Jioni alikuwa anapiga kwa mkahawa, Café Tost, pesa nne za huko kwa siku. Mwaka wa 1890, akitafuta nyimbo za mkahawa kwa duka la karatasi kuukuu za muziki, aliokota suti sita za Bach za chelo. Watu walizichukulia kama mazoezi tu. Casals alizifanyia tizi kila siku kwa karibu miaka 12 kabla ya kupiga hata moja mbele ya watu. Siku hizi mtu akijua kiitikio ya wimbo mmoja tayari anataka kupost.

Halafu ikawa mbaya. Mwaka wa 1895 walihamia Paris bila chochote. Alipata kazi kwa ukumbi wa burudani, akawa anatembea kwenda na kurudi na chelo yake. Mathake alikuwa anashona nguo usiku, na siku moja alirudi amenyolewa. Alikuwa ameuza nywele zake ndio watoto wale.

Mlango ulifunguka 1899, na baada ya hapo alizunguka dunia, hadi White House, 1904. Lakini usidhani alikuwa hana uoga. Mwaka wa 1901, akipanda mlima karibu na San Francisco, jiwe liliponda mkono wake wa kushoto, na kitu cha kwanza alichowaza ni kwamba sasa hatalazimika kupiga chelo tena. Mbele ya watu alitetemeka hadi uzeeni. Mkono ulipona, akarudi kwa kiti.

Alipopata chapaa, hakusahau watu wa mjengo na viwanda. Miaka ya 1920 alianzisha okestra Barcelona, kisha chama cha matamasha ya wafanyakazi pekee. Kama mshahara wako ulipita pesa 500 za huko kwa mwezi, hukuruhusiwa kuingia. Ada ilikuwa sita kwa mwaka mzima. Baada ya muda wafanyakazi wenyewe wakaunda okestra yao.

Franco alipotwaa nchi 1939, Casals alienda uhamishoni Ufaransa. Alikataa kukanyaga Uhispania Franco akiwa mamlakani, na kwa miaka kadhaa akaacha hata matamasha kupinga dunia kumnyamazia. Alikufa Puerto Rico tarehe 22 Oktoba 1973, akiwa na miaka 96. Franco alimfuata 1975, na mwaka wa 1979 mwili wa Casals ukarudishwa El Vendrell.

Eastlands hii, watoi wa Korogocho wanafunzwa ala za okestra na Ghetto Classics, so chelo si ndoto ya Karen na Runda pekee. Na Mukuru kuna wazazi wanajua vizuri venye ufundi unalisha nyumba. Budake Pablo hakuwa mjinga. Sasa tuseme mtoi wako amekuja jioni na mtungi wa plastiki, kijiti na waya, anasema amepata kazi ya maisha. Utakuwa Carles ama Pilar?