Dambudzo Marechera: Jeraha la utotoni halikupata tabibu

KATIKA lugha ya Kishona, jina Dambudzo lina maana ya taabu. Mwandishi wa Zimbabwe aliyebeba jina hilo, Dambudzo Marechera, aliishi miaka 35 pekee, na taabu haikumpa kisogo.

Alizaliwa mwaka wa 1952 huko Rusape, nchi hiyo ilipokuwa chini ya utawala wa Wazungu. Babake alifanya kazi katika chumba cha kuhifadhia maiti, naye mamake alikuwa mtumishi wa nyumbani. Alilelewa katika mtaa wa Vengere, ambako umaskini na vurugu zilikuwa mambo ya kila siku.

Alipokuwa na umri wa takriban miaka 13, babake alifariki ghafla. Familia ilifurushwa kutoka katika nyumba yake, na mama akabaki kuhangaika na watoto wengi. Kijana huyo mwenye kigugumizi alijificha vitabuni.

Vitabu vilimfikisha mbali. Kutoka shule ya Mtakatifu Augustino, Penhalonga, alijiunga na Chuo Kikuu cha Rhodesia, akafukuzwa mwaka wa 1973 kufuatia maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi. Mwaka uliofuata alipata ufadhili wa kusoma Oxford, Uingereza.

Huko ndiko jeraha la kale lilikotumbuka. Alizama katika ulevi, akagombana na wenzake na hata kutishia kukiteketeza chuo. Mnamo 1976 aliambiwa achague matibabu ya akili au kufukuzwa. Akachagua kufukuzwa. Msaada ulikuwa umechelewa, tena ulimjia kwa sura ya adhabu.

Akiwa hana makao ya kudumu, aliandika The House of Hunger, kitabu kilichotolewa mwaka wa 1978 na kumshindia tuzo ya gazeti la Guardian mwaka uliofuata. Katika hafla ya kumtuza, alirusha sahani ovyo mbele ya wageni. Sifa hazikuwa dawa.

Alirejea nyumbani mwaka wa 1982, akawa analala kwenye bustani na vibaraza vya jiji la Harare huku akiendelea kuandika na kunywa. Alifariki Agosti 1987 kutokana na maradhi yaliyohusiana na Ukimwi.

Si kila mtoto aliyeteseka huishia hivyo, wala ukoloni hauwezi kuepuka lawama katika kisa hiki. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1998 ulionyesha kuwa kadiri mtu alivyopatwa na madhila mengi utotoni, ndivyo hatari ya ulevi na ya kujaribu kujitoa uhai inavyozidi ukubwani.

Kwa mzazi au mwalimu anayemwona kijana akijiangamiza, maisha ya Marechera yanahimiza kuuliza alikoumia kabla ya kumfukuza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.