Taylor: Mtafiti aliyepima pumzi za duma na za mama mwenye mzigo

KWA miaka mingi wataalamu wa mwili waliamini kuwa kila kilo anayoongezewa mbebaji hulipiwa kwa pumzi. Mwaka 1986 wanawake wachache wa Kenya, waliopimwa wakitembea na mizigo yao ya kawaida, waliitikisa imani hiyo mbele ya wataalamu wa dunia nzima. Miongoni mwa waliosimamia kipimo hicho alikuwamo Charles Richard Taylor, mtafiti wa Marekani ambaye sehemu kubwa ya sifa zake ilitokana na kazi aliyoifanya Afrika Mashariki.

Jina lake halitajwi sana katika eneo la Sigor, kule Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, wala katika mashamba ya majani chai ya Kericho. Hata hivyo, swali alilolishughulikia linawahusu wakazi wa huko kila siku. Wachumaji chai hushinda na vikapu mgongoni, na akina mama hubeba kuni na mitungi ya maji kwa mwendo mrefu. Je, kazi hiyo inaugharimu mwili kiasi gani?

Taylor alizaliwa mwaka 1939 na kusomea elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikopata shahada ya uzamifu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Akiwa bado kijana, alifika Kenya na kufanya utafiti Muguga, nje kidogo ya jiji la Nairobi, palipokuwa na taasisi ya utafiti wa mifugo iliyohudumia nchi za Afrika Mashariki.

Siri ya pofu na choroa

Kazi yake ya kwanza nchini ilihusu wanyama wa nyika. Pamoja na Charles Lyman wa Harvard, alimlinganisha pofu na ng'ombe wa aina ya Hereford ili kujua kila mmoja hustahimili vipi joto na ukosefu wa maji. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967, na miaka miwili baadaye Taylor aliwaeleza wasomaji wa kawaida habari za pofu na choroa katika jarida mashuhuri la sayansi la Marekani.

Alibaini kwamba wanyama hao hawaharakishi kutoa jasho jua linapowaka. Huuacha mwili upate joto mchana, kisha huupoza usiku bila kupoteza maji. Choroa aliyekosa maji aliweza kufikisha joto la mwili la nyuzi 45 za Selsiasi, kiwango ambacho kingemuua binadamu. Ubongo hunusurika kwa sababu damu inayoelekea kichwani hupozwa kwanza karibu na mishipa inayotoka puani.

Aidha, aligundua kuwa baadhi ya majani makavu yanayoliwa na wanyama hao hufyonza unyevu wa hewa usiku. Mnyama anayelisha usiku hupata kinywaji ndani ya chakula chake.

Jinsi kipimo kinavyofanya kazi

Chombo kilichompa Taylor majibu mengi kilikuwa kipima gesi cha maabara. Kanuni yake inaeleweka kwa urahisi. Misuli inapofanya kazi huunguza chakula kwa oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi. Anayejua kiasi cha oksijeni kilichotumika anaweza kukadiria nguvu iliyotumika, kwa kuwa kila lita moja ya oksijeni hutoa takriban kilojuli 20.

Mnyama au mtu huvishwa barakoa iliyolegea, kisha hutembea au hukimbia juu ya mkanda unaozungushwa na mota. Pampu huvuta hewa kupitia barakoa kwa kasi inayojulikana, ikikusanya kila pumzi inayotoka. Sehemu ndogo ya hewa hiyo hupitishwa kwenye kipimo.

Hewa ya nje iliyo kavu ina oksijeni ya karibu asilimia 20.95. Iwapo ile inayotoka kwenye barakoa ina asilimia 20.45, nusu asilimia iliyopotea ndiyo iliyochukuliwa na mwili. Tofauti ni ndogo, na kosa dogo la kipimo huharibu hesabu nzima.

Oksijeni huvutwa na sumaku kuliko gesi nyingine za hewani, na baadhi ya vipimo hutumia tabia hiyo kuihesabu. Kaboni dioksaidi nayo hunyonya miale ya joto isiyoonekana kwa macho, hivyo huhesabiwa kwa mwanga unaopungua unapopita ndani yake. Kabla ya hapo mvuke huondolewa kwa kemikali ya kukausha, na chombo husahihishwa kwa gesi ambayo viwango vyake vinajulikana. Katika nyanda za juu kama za Kericho na Bomet uangalifu zaidi unahitajika, kwani asilimia ya oksijeni ni ileile ya pwani ilhali shinikizo la hewa ni dogo.

Duma, swala na mbuzi

Kwa njia hiyo Taylor aliwapima wanyama wengi. Mwaka 1970, akiwa na Knut Schmidt-Nielsen, alionyesha kwamba mnyama mdogo hutumia nguvu nyingi zaidi kuliko mkubwa kuisogeza kila kilo ya mwili wake kwa umbali uleule. Mwaka 1973 yeye na Terence Dawson walionyesha kuwa kangaruu anaweza kuongeza mwendo wa kuruka bila kuongeza matumizi ya oksijeni.

Mwaka 1974 alitoa matokeo ya duma, swala na mbuzi. Miguu ya wanyama hao imeumbwa kwa namna tofauti, na ilitarajiwa kwamba mwenye miguu mizito angelipa zaidi. Kipimo kilikataa: gharama zao zilikaribiana mno.

Si kila alichokisema kimesimama. Vipimo vya duma waliokimbizwa maabara vilimfanya aone kuwa mnyama huyo husitisha mbio kwa sababu ya joto la mwili. Mwaka 2013 watafiti waliowafuatilia duma waliokuwa wakiwinda wenyewe nchini Namibia hawakuliona jambo hilo.

Huko Marekani, Taylor aliongoza kituo cha utafiti cha Harvard mjini Bedford, jimbo la Massachusetts, mahali palipowahi kuwa kambi ya makombora ya jeshi. Lakini hakuacha kushirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi, hasa na Profesa Geoffrey Maloiy. Pamoja na Ewald Weibel wa Uswisi, alichunguza pia kama mapafu, moyo na misuli ya mnyama vimeumbwa kwa kiasi kinachotosha mahitaji ya oksijeni, bila ziada kubwa.

Mzigo wa mama

Mwaka 1980 Taylor na wenzake walitangaza kanuni iliyoonekana kutokuwa na mianya. Panya, mbwa, farasi na binadamu wote walipokimbia na mzigo walitumia oksijeni zaidi kwa uwiano uleule. Aliyebeba asilimia 10 ya uzito wake aliongeza asilimia 10 ya oksijeni.

Kisha wakaja wanawake wa Kenya. Maloiy, Taylor na wenzao waliwapima Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakuonyesha ongezeko lolote la oksijeni. Baada ya hapo gharama ilipanda, lakini kwa ile sehemu iliyozidi asilimia 20 tu. Wengine waliweza kubeba hadi asilimia 70 ya uzito wao.

Chukulia mama mwenye kilo 60 na maji ya lita 20, yaani kilo 20. Huo ni mzigo wa theluthi moja ya uzito wake. Kwa kanuni ya mwaka 1980 angehitaji oksijeni zaidi kwa asilimia 33. Kwa kipimo cha mwaka 1986, nyongeza hiyo ingekuwa takriban asilimia 13.

Sababu ilielezwa mwaka 1995 na kundi la Norman Heglund na Giovanni Cavagna. Mwendo wa binadamu hufanana na bembea: mwili hupanda na kushuka kila hatua, na sehemu ya nguvu ya kushuka husaidia hatua inayofuata. Wanawake waliozoea kubeba tangu utotoni waliiokoa nguvu hiyo vizuri zaidi walipokuwa na mzigo.

Hata hivyo, matokeo hayo hayapaswi kutumiwa kuhalalisha mizigo ya akina mama. Kipima gesi huhesabu oksijeni. Hakipimi maumivu ya shingo, uchakavu wa uti wa mgongo, wala saa ambazo msichana hukosa darasani akitafuta maji. Mwaka 2010 uchunguzi mdogo katika mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini, uliwakuta wabebaji maji wengi wakilalamikia maumivu ya shingo na mgongo. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa Afrika Kusini haukuona nafuu ya oksijeni kwa kila mbebaji. Wapo walioipata na wapo walioikosa.

Taylor alifariki mwaka 1995, kabla ya kutimiza miaka 60. Ameacha hesabu zinazoendelea kufundishwa vyuoni na ushahidi kwamba ujuzi wa wanawake wa vijijini, uliochukuliwa kuwa jambo la kawaida, ulikuwa na jambo la kuifunza sayansi. Kwa familia za Sigor na kwingineko ambako maji bado yanafuatwa mbali, nafuu ya kweli itatokana na bomba lililo karibu na nyumba.