Maisha ya Dakta Ludwig Krapf, Mgeni wa Kivoi

Ni desturi ya kijitabu hiki cha taarifa ya mwaka, baada ya hesabu za fedha na majina ya wanachama waliofariki, kutoa kurasa chache kwa maisha ya mtu mmoja wa zamani ambaye yafaa wazee na vijana wamkumbuke. Mara hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa wa kabila letu wala wa rangi yetu, na huenda wako wazee watakaouliza kwa nini. Sababu ni kwamba katika mikutano yetu swali moja limerudi mara nyingi, nalo limetutia katika mabishano makali: je, mfuko wa ugonjwa na mazishi, ulioanzishwa na Wakamba wa Kitui na Makueni kwa ajili yao wenyewe, waweza kumsaidia jirani asiye Mkamba wala mwanachama? Kulijibu swali hilo ni kazi ya mkutano mkuu, wala si ya karani. Bali tumeona vema kuweka mbele ya wenzetu habari za mgeni aliyekuja kwetu zamani, jinsi alivyopokewa, na jinsi alivyokuwa.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani mmoja alimpiga vikali kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa muda wa miezi sita. Katika kulala kitandani ndipo aliposhika Biblia na kuisoma sana, na kuanzia hapo moyo wake ulielekea kazi ya Mungu. Twalitaja jambo hili kwa kuwa mtu aliyeonewa akiwa mtoto aweza kukua katika njia mbili: aweza kuwa mwonevu, au aweza kuwa mtu asiyependa kumwonea mwingine. Krapf alikuwa wa aina hiyo ya pili, kama itakavyoonekana mbele.

Alisoma katika chuo cha wamisioni kilichoko Basel, nchi ya Uswisi, kisha akaingia katika utumishi wa C.M.S., chama cha misioni cha Kanisa la Kiingereza. Mwaka 1837 alipelekwa Habeshi. Huko alifukuzwa Adowa mwaka 1838, akaenda Shoa, akakaa kwa mfalme Sahle Selassie mpaka mwaka 1842, kisha njia ya kurudi huko nayo ikafungwa. Mwaka huo wa 1842 alimwoa Rosina Dietrich. Alitamani kuwafikia Waoromo, na alipoona milango ya kaskazini imefungwa aliazimu kuizunguka nchi kwa bahari na kuingia kwa upande wa kusini. Hivyo ndivyo alivyotokea pwani yetu, Unguja mwezi wa Januari 1844 na Mombasa mwezi wa Mei.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Mtawala wa Unguja siku zile alikuwa Seyyid Said, Mwislamu, na mji wa Mombasa ulikuwa wa Waislamu. Krapf angaliweza kujiita mfanyabiashara na kuacha mambo ya dini yake yajulikane polepole. Hakufanya hivyo. Alimweleza Seyyid wazi ni kazi gani iliyomleta, na Seyyid akampa barua kwa maliwali wake, akiwaarifu kwamba mtu huyu ni mwema, kwamba ataka kuwaleta watu kwa Mungu, na kwamba atendewe kwa hisani. Hata alipofika Mombasa, aliyemsaidia kukifahamu Kiswahili na kutafsiri kitabu cha Mwanzo alikuwa kadhi wa mji, Sheikh Ali. Kadhi na mmisioni wakaa pamoja juu ya maandiko, kila mmoja akimjua mwenzake ni nani na aamini nini! Twaona kwamba wasingaliweza kukaa hivyo kama mmoja wao angalikuwa amejificha.

Msiba haukukawia. Mwezi wa Julai 1844, miezi miwili tu baada ya kufika Mombasa, Rosina alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa akafa. Mtoto naye alifuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani, hajiwezi. Kwa matakwa ya marehemu walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, ili kila apitaye njia ile akumbuke kwa nini walikuja. Wengi wangalirudi kwao. Krapf aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi lile ni alama ya kuwa kazi imeanza.

Mwaka 1846 alikuja mwenziwe, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai mwezi wa Agosti kwa idhini ya wazee. Wote wawili walikuwa wagonjwa siku ya kuhama, wakawa wanapokezana punda mmoja njiani. Huko Rabai mtu wa kwanza kuikubali imani hakuwa mzee mwenye mali wala mwenye cheo, bali Mringe, kiwete maskini ambaye watu hawakumhesabu kuwa kitu. Krapf alikuwa akikaa naye na kuzungumza naye siku baada ya siku, na kazi yote ya miaka ile, kama mtu angeipima kwa hesabu ya vichwa, ilikuwa Mringe na wengine wachache mno. Chama chochote cha leo kingefunga tawi kama hilo.

Ni katika upande huo wa Rabai alipoanza kuwajua Wakamba. Wazee wetu wakumbuka kwa masimulizi njaa kuu ya mwaka 1836, iliyowafanya jamaa wengi kushuka pwani na kukaa karibu na Warabai na Waduruma. Basi Wakamba wa siku zile nao walikuwa wageni katika nchi ya watu, wakapewa mahali pa kukaa. Tena misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka na pembe za ndovu kila mwaka, na katika wakubwa wa misafara hiyo hapakuwa na aliyempita Kivoi wa Mwendwa, mtu wa Kitui, ambaye jina lake lilijulikana kutoka pwani mpaka mto wa Tana.

Tarehe 1 Novemba 1849 Krapf aliondoka Rabai pamoja na wapagazi wachache. Alipita Kikumbuliu, ambayo leo imo katika Makueni upande wa Kibwezi, akavuka Yatta, na mwisho wa mwezi akafika nyumbani kwa Kivoi. Kivoi alimpokea kwa heshima. Mwenyeji huyo alikuwa amefika Uchagga na kuuona mlima mweupe wa huko, akamwarifu mgeni wake kwamba uko mwingine, upande wa pili, nao pia una weupe kileleni. Mawingu yaliuficha kwa siku kadhaa. Tarehe 3 Desemba 1849, Krapf akiwa safarini kurudi, mawingu yakafunguka akauona. Kwetu mlima huo huitwa Kiinyaa, kwa kuwa weusi wa mwamba na weupe wa theluji hufanana na manyoya ya mbuni dume, na jina la nchi yetu latokana na midomo ya wenyeji waliomtajia mgeni jina lake.

Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro mwaka 1848, na habari zao zilipofika Ulaya mabingwa wa jiografia waliwacheka. Bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, alishikilia kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Krapf hakubadili maneno ili apate sifa, wala hakuongeza ili ashinde. Alisema aliloliona, na aliyoambiwa na Kivoi. Mwaka 1883 Joseph Thomson aliuona mlima kwa macho yake, na ubishi ukaisha.

Mwaka 1850 Krapf alikuwa Ulaya, na katika mwaka huo vitabu vyake vilipigwa chapa Tübingen: sarufi ya Kiswahili, orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kikamba kikiwamo, na Injili ya Marko kwa Kikamba. Hiyo Injili ilikuwa na makosa mengi, nayo haikupata wasomaji, maana hapakuwa na Mkamba aliyejua kusoma. Walakini miongoni mwetu tuliojifunza kusoma katika shule za misheni, ni wangapi wajuao kwamba lugha ya mama zetu ilipigwa chapa zamani namna hiyo?

Sasa twafika kwenye safari yake ya pili, na hapa ndipo tungependa wazee wasome polepole. Mwezi wa Julai 1851 alirudi Ukambani, akinuia kujenga kituo Yatta. Wapagazi wake walimwacha upesi, naye akaenda Kitui kwa rafiki yake. Kivoi alikuwa akijitayarisha kwenda Tana kwa biashara yake, akamchukua. Hatusemi kwamba Kivoi alimpenda mgeni bila hesabu yoyote. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa, na kufuatana na Mzungu kulimwongezea jina. Lakini alimpa chakula, malazi na ulinzi, na kwa mila yetu hayo si mambo madogo.

Mwishoni mwa Agosti, walipokuwa karibu na mto, wanyang'anyi waliwavamia. Krapf alikuwa na bunduki. Akapiga mara mbili, lakini alielekeza juu hewani, kwa sababu hakuweza kumwaga damu ya binadamu hata katika saa ile. Watu walitawanyika. Kivoi aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake, na Krapf akabaki peke yake porini.

Yaliyofuata yanajulikana sana. Kiu ilimpeleka mpaka Tana, akanywa, akajaza maji katika mfuko wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Alikwenda usiku na kujificha mchana. Alijaribu kula majani na mizizi. Siku moja alisikia kelele za nyani, akafuata sauti mpaka kwenye mto mkavu, akakuta wanyama wale wamechimba mchanga wakapata maji. Kila mama wa Kitui aliyepata kuchimba mchanga wa mto wakati wa kiangazi afahamu thamani ya shimo lile.

Alipowafikia watu, jamaa za Kivoi walimlaumu. Walimwuliza kwa nini yu hai na mwenyeji wake amekufa. Mgeni mwema hufa pamoja na aliyemlisha. Wengine walitaka auawe. Alitoroka usiku, akashindwa njiani kwa njaa na uchovu, akajitoa tena mikononi mwa watu, na mwisho akafika Yatta na kurudi Rabai salama.

Tumelizungumza jambo hili na wazee kadhaa, nao hawakupatana. Mmoja alisema kwamba mwenye bunduki asiyeitumia kumwokoa mwenyeji wake hana haki ya kuitwa rafiki. Mwingine alisema kwamba Kivoi alijua mgeni wake ni mtu wa namna gani, kwa kuwa hakumficha, naye alimchukua jinsi alivyo. Sisi twaelekea upande wa huyu wa pili, ingawa uchungu wa jamaa za Kivoi twauelewa kabisa, wala hatuoni kwamba walikuwa watu wabaya. Walikuwa wafiwa. Risasi mbili za hewani zilimwacha Krapf bila damu mikononi, lakini hazikumrudisha Kivoi.

Wala tusimpambe Krapf kupita kiasi. Kitabu chake cha safari, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860, kina maneno makali juu ya Wakamba, juu ya ulevi wao na tamaa yao ya vitu, na mengine si ya haki. Alihukumu upesi mambo ambayo hakukaa muda wa kutosha kuyafahamu. Hata hivyo, katika kitabu hicho hicho ndimo zilimohifadhiwa habari za Kivoi, na bila mkono wa mgeni huyo tungalikuwa na machache sana ya kumsimulia mtu wetu mkuu.

Afya ilimlazimisha kuondoka mwaka 1853. Alirudi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti wa Uingereza kuanza kazi yao Ribe, ingawa hawakuwa wa chama chake, kisha akakaa Korntal, katika nchi yake, akifanya kazi ya lugha. Rebmann, aliyebaki Rabai karibu miaka thelathini, alirudi mwaka 1875 akiwa kipofu, akakaa karibu na Krapf hata akafa mwaka 1876. Krapf mwenyewe alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilipigwa chapa London mwaka 1882, naye hakuiona.

Rabai pana makumbusho yenye jina lake, na kaburi la Rosina na mtoto liko Nyali. Wanachama wetu wa tawi la Mombasa waweza kufika huko na kurudi kwa siku moja.